Feliksi Ruhuza, Mlinzi wa Kuta za Ufukweni

Ndugu waombolezaji, mimi Dismasi nimepewa na familia kazi hii nzito ya kuwaeleza maisha ya kaka yangu Feliksi Ruhuza, aliyezaliwa Simbo tarehe 14 Machi 1929, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1942, akabeba mizigo bandarini Kigoma, na tarehe 6 Januari 1951 akafunga ndoa na shemeji yangu Verediana, wakajaliwa watoto wawili, Melania na Leodgar.

Mwaka 1963 aliajiriwa kuwa mlinzi na mwongoza wageni kwenye magofu ya udongo yaliyo ufukweni hapa Ujiji, ambako majirani waliwauzia watalii mikeka, ndizi na dagaa, nao kila kiangazi, bila kuagizwa na mtu, walizikandika kuta zile udongo mpya, kwa kuwa ndizo zilizowaletea wateja.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, ofisi iliyomwajiri iliona wachuuzi hao wanachafua mandhari na kupunguza mapato ya langoni, basi marehemu, akiwa balozi wa nyumba kumi, alipita mlango kwa mlango kuwahimiza wahame, tena kwa bidii, sitawaficha, maana kaka yangu akishaamini jambo alikuwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji.

Uzio ukawekwa, kiingilio kikapanda, wageni wakapungua kwa kukosa cha kula na mtu wa kuongea naye, na baada ya mvua za miaka miwili nyufa zilikuwa zinapitisha mkono, huku ofisi ikisema haina fedha za mafundi. Marehemu alikwenda Gungu, kijiji kipya walikohamishiwa, kuwaomba majirani warudi kukandika, na Mzee Kasongo, mvuvi aliyekuwa rafiki yake, akamjibu, "Balozi, ulituambia kuta ni za wageni, basi wageni wazikandike."

Akakandika peke yake, hadi tarehe 3 Desemba 1976 ukuta ulipomwangukia kifuani, akalazwa hospitali, akafariki alfajiri ya tarehe 8.

Ukuta wa pili nao umeinama, na jana, maiti ikiwa bado ndani, ofisi ilimletea Leodgar funguo za lango aanze kazi Jumatatu, kwa kuwa kuna watalii wanakuja na meli. Amezipokea, maana nyumba hii haina mshahara mwingine, na mama yake tangu hapo hajala.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Gungu, wafanyakazi wenzake, na Mzee Kasongo, aliyefika mapema kuchimba kaburi na hadi sasa hajamtazama mtu usoni.

Kaka, pumzika kwa amani, na umwombee mwanao, kwa sababu sisi tulio hai tumeshindwa kumkataza.