Jeti ya Eberhard na Wavu Wake

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka arobaini na mmoja katika kiwanda chetu cha mafeni hapa Frankonia, Ujerumani, Bwana Eberhard Kleinschrod anavua koti lake la buluu na kustaafu. Alianza kwenye maboksi, akahamia kusawazisha mapanga ya feni, na tangu 1988 ndiye msimamizi wa usalama. Hakuna feni iliyotoka getini bila wavu wa kinga, wala bila yeye kuugongagonga kwa bisibisi. Tulimnung'unikia sana, nami nikiwa mstari wa mbele.

Bwana huyu ana ugonjwa mmoja tu: ndege za mfano. Miaka minne iliyopita aliapa kuunda jeti yake mwenyewe na kuirusha kabla ya kustaafu. Alichonga kiwiliwili kwa povu gumu, mbawa akazitia mbavu za plaiwudi, na tumboni akaweka bomba lenye feni ya milimita tisini, mota yake ikilishwa na betri ya lithiamu ya seli sita. Ilikuwa na uzito wa kilo mbili na nusu, na nzuri ajabu. Ila haikuruka. Kila Jumapili ilikimbia kwenye nyasi za klabu yake ya ndege za mfano mpaka ikaishia kwenye kabichi za jirani.

Sababu tuliijua sote. Alikuwa amefunga wavu wa kinga palepale mbele ya feni, hewa inapopita kwa kasi kubwa, na feni ikakosa pumzi. Kwenye mizani ya kuning'iniza jeti ilivuta kwa nguvu ya kilo moja na nusu tu. Wavu ukitolewa, karibu tatu. Roswitha Dümmler wa idara ya mota uvumilivu ukamshinda.

"Ebbo, hebu niambie, huko angani nani atatia kidole? Kunguru?"

"Feni yangu haizunguki uchi, Roswitha. Hata kwa kunguru."

Tulicheka, lakini miezi ilikuwa inayoyoma, na yeye mwenyewe alishaacha kucheka.

Mwezi Mei akaikata pua ya jeti. Akapanua mdomo wa kuingizia hewa, akausogeza wavu mbele kabisa, mahali papana ambapo hewa huingia polepole, akausuka upya kwa waya mwembamba. Mizani ikasoma nguvu ya kilo mbili na gramu mia sita.

Jumapili iliyofuata alimaliza kukaza skrubu saa sita kasoro dakika nane, na saa sita kamili mchana klabu hunyamaza ili majirani wapumzike. Mwenyekiti akapaza sauti: "Haya, rusha au kanywe bia!" Jeti ikakimbia, ikainua pua, ikaondoka. Ilizunguka dakika tatu na nusu, ikatua salama. Roswitha alilia, ingawa anakana.

Hapa kwetu anayeondoka ndiye huwalisha wanaobaki. Ijumaa iliyopita, juu ya soseji na saladi yake ya viazi, nilimuuliza kwa nini hakuutupa tu ule wavu. Akaweka uma chini.

"Mwaka '87 niliutoa wavu dakika moja tu, nimalize kazi haraka. Mwenzangu wa meza akapoteza vidole viwili."

Nilimfahamu miaka ishirini bila kulijua hilo, na niliona aibu.

Bwana Kleinschrod, asante, na utusamehe ule mdomo wetu. Karushe jeti yako ukiwa na afya na furaha. Tunakutakia maisha mema, sisi sote mia moja na kumi na wawili, na tunakupungia mikono, vidole vyote vikiwepo.