Yai Moja, Watoto Wawili

Benchi la Maduhu muuza kahawa liko Somanda, ng'ambo ya barabara, usoni kabisa mwa geti la hospitali. Hapo bodaboda husubiri abiria, na msimu wa pamba malori hupita yakiacha manyoya meupe kwenye nyaya za umeme. Asubuhi hiyo Dastan, fundi baiskeli ambaye kijiweni wanamwita Spoku kwa wembamba wake, alishika kikombe cha kahawa mpaka kikapoa mkononi. Mkewe Flora alikuwa leba tangu alfajiri, na muuguzi alishamwambia baba mtu akae nje, ataitwa. Lakini kilichomsumbua hakikuwa kule kungoja. Lilikuwa neno la daktari siku ya kipimo: "Mapacha, baba. Wa yai moja. Yai liligawanyika." Dastan alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akarudi nyumbani na neno limemkaa kooni kama mwiba wa sato. Hakumwambia Flora kitu. Sasa likamponyoka mbele ya watu.

— Hivi jamani, kitu kimoja kikigawanywa mara mbili, si kila upande unapata nusu?

Nkwabi akaweka kikombe chini. Huyu ni dalali wa ng'ombe mnadani, nao humwita Profesa kwa sababu halijazaliwa swali la kumshinda.

— Nusu kabisa! Ng'ombe mmoja ukimgawa, huyu kichwa, huyu mkia. Umeshaona wapi wote wawili wakaondoka na ng'ombe mzima?

— Kwa nini unauliza, Spoku? akadakia Magese, dereva wa bodaboda, jina la kijiweni Taarifa.

Dastan akaeleza. Yai moja, limegawanyika, watoto wawili. Kijiwe kikalipuka kwa furaha.

— Mapacha! Hongera, kaka!

— Hongera ipo, akasema Nkwabi, ila tuangalie hesabu. Huyo mmoja atachukua akili, mwenzake nguvu. Mmoja utampeleka shule, mwingine machungani. Wala si hasara.

— Wapi! Magese akaruka. Mimi nilimbeba abiria pacha, mnene kama gunia la mpunga, akila yeye nduguye aliyeko Lamadi anashiba. Tumbo ni moja, wamegawana milango tu.

— Acha uongo, Taarifa.

— Haki ya Mungu! Na akipiga chafya huyu, yule anasema samahani.

Nkwabi hakukubali kuachwa nyuma.

— Hiyo ndogo. Wa yai moja wana kivuli kimoja. Wanapokezana. Ndiyo maana wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Yai limetengana, udhaifu umeingia.

— Sasa we Profesa, unamtisha mwenzio, akasema Maduhu, huku akimimina.

— Simtishi, namwandaa! Mgawagawa na upwa hali wali mkavu.

— Ni mgaagaa.

— Upwa wenyewe uko wapi hapa Bariadi? Hapa tunagawa tu.

Watu wakacheka, na Dastan akacheka nao, ila kicheko chake kiliishia menoni. Moyoni alikuwa anawaona watoto wake: mmoja ana jicho la kushoto, mwingine la kulia. Alijua ni upuuzi. Lakini upuuzi ukikaa na mtu wiki nzima huota mizizi.

Kwa bahati Mwalimu Philomena alikuwa anavuka barabara. Anafundisha baiolojia sekondari, na baiskeli yake hutengenezwa na Dastan. Maduhu akamwita kwa sauti kubwa.

— Mwalimu! Njoo uokoe mtu, Profesa anammaliza!

Philomena akaja, akapewa kahawa na kashata, akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akamgeukia Dastan.

— Kaka Dastan, nionyeshe ule mkono. Kidole hiki si ndicho kilichochanwa na spoku, ukakifunga kitambaa?

— Ndicho.

— Kidonda kiko wapi?

— Kilipona.

— Nyama iliyoziba pale ilitoka wapi? Uliinunua buchani?

Dastan akakitazama kidole chake kama anakiona mara ya kwanza. Palibaki mstari mwembamba tu.

— Ilijiotea.

— Ilijiotea kwa kugawanyika, akasema mwalimu. Mwili wako umejengwa kwa seli, vijumba vidogo hata jicho halivioni. Pale pembeni ya kidonda, seli moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka pakaziba. Je, nyama ya hapo ni nusu nyama?

— Ni nzima.

— Kwa nini nzima? Ngoja. Ndani ya kila seli kuna nyuzi, arobaini na sita kwa binadamu. Kwenye nyuzi hizo ndipo yamekaa maagizo yote: pua iweje, damu iweje, urefu gani. Seli ikitaka kugawanyika haikimbilii kisu kama Profesa hapa. Kwanza inanakili. Kila uzi unapata pacha wake, sawasawa na wenyewe. Halafu zinajipanga katikati, kama watu kwenye mstari wa maji. Kisha zinavutwa, uzi huu huku, pacha wake kule. Zikishafika kila upande, ndipo seli inajibana kiunoni na kuwa mbili. Kila moja na nyuzi zake arobaini na sita. Hakuna iliyopunjwa.

— Na unene je? akauliza Nkwabi, maana udalali hauna likizo. Maagizo sawa, lakini mwili si umekatwa?

— Mwanzo zinakuwa ndogo, ndiyo. Zinakula, zinakua. Ndama wako alizaliwa na unene wa fahali?

— Hapo umenipata.

— Inaitwa mitosisi.

— Mi-tosha-sisi? Yaani tunatosha sisi!

— Sema unavyotaka, Profesa, ila ndiyo iliyokuleta hapa. Wewe na kitambi chako mlianza seli moja. Hata sasa unavyokunywa kahawa, ngozi inachakaa, mpya inakuja. Na zikigawanyika ovyo bila utaratibu, ndiyo saratani hiyo. Utaratibu ukienda vizuri, mtu anakua na kidonda kinapona.

Dastan akauliza taratibu, kama anayeogopa jibu:

— Na wangu, mwalimu?

— Wako walianza seli moja, ikagawanyika vilevile. Siku za mwanzo kabisa, kile kifundo kidogo cha seli kikaachana mafungu mawili. Kila fungu lilikuwa na maagizo kamili ya mtu. Likaendelea, likawa mtoto. Hujapata nusu mbili, kaka. Umepata mzima mara mbili.

Dastan akainywa kahawa yake yote kwa mkupuo, baridi hivyohivyo, na akaiona tamu.

Hapo pikipiki ikasimama, akateremka mama wa makamo mwenye kitenge na kikapu. Dastan akaruka kutoka kwenye benchi kama aliyekalia siafu, akasogea mbali na kuangalia chini. Alikuwa Evalina, mama yake Flora, kutoka Lingeka. Mkwe na mkwe hawakai benchi moja.

— Mwangaluka, mayu, wakamsalimu wote kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

— Mwangaluka. Niambieni, mwanangu vipi?

— Bado, mayu. Tunangoja, akajibu Maduhu, akampisha mahali pa kukaa. Tulikuwa tunafundishwa jinsi kitu kimoja kinavyokuwa viwili.

Magese, asiyeweza kukaa na habari, akamsimulia yote: nyuzi, mstari wa maji, kujibana kiunoni. Evalina alisikiliza kwa makini. Kisha akamgeukia mwalimu.

— Mwanangu, ilikuwepo seli moja.

— Ndiyo, mama.

— Sasa zipo mbili, zote changa.

— Ndiyo.

— Ile ya kwanza ilikufa?

— Haikufa, mama.

— Ipo?

Philomena akaweka kashata chini.

— Haipo. Zipo hizi mbili.

— Haikufa, na haipo. Basi imekwenda wapi?

Kijiwe kizima kikamtazama mwalimu. Mwalimu akamtazama Nkwabi. Nkwabi, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, akainama kutafuta kitu kwenye kiatu. Maduhu akatikisa birika, likatoa mlio mtupu.

— Kahawa imeisha, akasema.

Sauti ikaita kutoka getini:

— Baba mapacha! Baba mapacha yupo?

Dastan alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, bodaboda zikampigia honi, na nyuma yake Magese akashangilia kama timu imefunga bao. Mlangoni pa wodi muuguzi alimwambia ni wasichana, wazima wote wawili, na mama yao mzima.

Flora alikuwa amelala ubavu, uso umechoka na unacheka.

— Huyu Kulwa, akasema. Yule Doto.

Dastan aliinama. Alihesabu macho, masikio, vidole, kucha ndogo kama punje za ulezi. Aliitafuta ile nusu aliyoiogopa wiki nzima, kwa huyu na kwa yule, asiione. Machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Evalina naye akaingia. Dastan akasogea upande wa pili wa kitanda, kwa heshima. Bibi akambeba Kulwa, akamkagua kwa muda mrefu, kisha akamnong'oneza:

— Wewe ulikuwepo. Niambie, ile ya kwanza imekwenda wapi?

Kulwa alipiga miayo. Doto alikuwa ameshaamka, na alitaka ziwa.