Bastola Haikunielekea Mimi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Leo naomba mniitikie polepole, maana ushuhuda huu si wa vigelegele.

Wengi mnanijua. Mimi ni Ruth, mzungu wenu. Nilizaliwa Singida, wazazi wangu wakiwa wamisionari waliotoka nchi hii. Nilipostaafu unesi nikasikia kuna ibada ya Kiswahili hapa mjini Brooklyn Center, nikaja. Mkanipokea! Jumapili ya kwanza tu mlinikalisha mbele, mkanipakulia chakula kabla ya wazee, nami nikaona ni sawa. Nilikuwa nikijitambulisha hivi: "Ngozi ya kizungu, roho ya Kiafrika." Mlikuwa mkicheka. Niliamini kabisa kwamba ubaguzi ni dhambi ya wazungu wengine.

Mnakumbuka tulipotafuta ukumbi huu. Mzee Wafula, mzee wetu wa kanisa, alikwenda kwa mwenye jengo akiwa amevaa suti, akaambiwa umeshachukuliwa. Wiki ileile nikaenda mimi na koti langu la kuzolea theluji. Nikapewa funguo! Nikasimama hapa nikasema Mungu amenipa kibali. Mkasema ameni. Wafula naye alisema ameni. Sikumtazama usoni.

Msimu wa baridi uliopita nilifanyiwa upasuaji wa jicho, nikakatazwa kuendesha. Wafula, ambaye kazi yake ni kuhudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee, alijitolea kunipeleka mji wa jirani, Saint Paul, kumwona mshirika wetu aliyelazwa hospitalini. Aliendesha gari langu. Tulipokuwa tukirudi jioni, theluji ikianguka, taa za polisi zikawaka nyuma yetu.

Wafula alisimamisha gari kando, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Walikuwa polisi wawili. Mmoja alikuja upande wangu. Hakumsalimu Wafula. Aliinama akaniuliza kwa upole, kama mtoto wangu wa kumzaa, "Mama, uko salama?"

Nikawaka! Nikafungua mlango, nikatoka, nikaanza kumfokea. Hili ni gari langu! Huyu ni mzee wa kanisa! Nipe jina lako, nitakushtaki! Nilimsikia Wafula akiita kutoka ndani, "Sister, tafadhali, rudi kwa gari. Rudi!" Nikamjibu, "Niachie mimi!"

Ndugu zangu, aliyetoka garini ni mimi. Aliyepiga kelele ni mimi. Aliyemnyooshea polisi kidole ni mimi. Lakini bastola ilipochomolewa, haikunielekea mimi. Ilimwelekea Wafula, ambaye hakuwa amesogeza mkono.

Wakamtoa. Wakamlaza kifudifudi kwenye theluji, wakamfunga pingu, shavu lake likiwa juu ya barafu. Baadaye wakamfungua, wakasema tulisimamishwa kwa sababu taa ya nyuma haiwaki. Taa ya gari langu!

Njiani nilikuwa bado nachemka kwa ushujaa. Nikamwambia, "Umeona nilivyokutetea?" Alinifikisha kwangu Columbia Heights, akanikabidhi ufunguo, akaenda kwa miguu hadi kituo cha basi katika baridi ile.

Jumapili iliyofuata hakuja, alikuja mkewe peke yake. Nami nikashuhudia hapahapa jinsi Mungu alivyonitumia kumwokoa Wafula. Mlipiga makofi! Mama Nekesa, mkewe, akainuka akatoka. Nikamfuata jikoni, nikamwuliza kuna nini.

Akasema, "Sister Ruth, wewe ulibishana na polisi, ukaenda kwako ukalala. Bwana yangu hawezi ku-drive tena. Akijaribu, akiona polisi tu, anapaki kando, anatapika. Hiyo kelele yako ilikuwa karibu inifanye mjane. Na leo umeigeuza ushuhuda."

Badala ya kutubu, nilikasirika. Nikaacha kuja kanisani. Asubuhi moja nikiosha vyombo nikasema kwa sauti, peke yangu, "Watu hawa hawana shukrani."

Watu hawa! Ilikuwa sauti ya baba yangu. Baba alihubiri upendo maisha yake yote, na alizoea kusema, "Watu hawa tunawapenda sana." Lakini Yohana, mpishi wetu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, hakuwahi kuketi mezani petu. Nimefika uzeeni bila kujiuliza Yohana alikuwa akila wapi.

Niliketi sakafuni. Nilitaka kuomba, yakaja maswali. Je, nilimpenda Wafula, au nilipenda kumwokoa? Ule ukumbi ulikuwa kibali cha Mungu, au ni rangi yangu? Na nilipokuwa nesi, wagonjwa weusi walioniambia wanaumia, ni mara ngapi nilisema moyoni kwamba wanazidisha? Ndugu zangu, nyuso zao zilinijia. Wengine wamekwisha kufa. Roho Mtakatifu hakunifariji siku ile. Alinionyesha tu, nami nilikuwa sina pa kukimbilia. Huko ndiko kufunguliwa kwangu kulikoanzia.

Nikaenda kwa Wafula. Nilijikaza nisilie, maana nilijua nikilia ataanza kunibembeleza. Nikamwambia, "Nilikutia hatarini ili nijione mwema. Nisamehe."

Akasema, "Nimekusikia, Sister. Kusamehe, naomba Mungu anisaidie. Lakini kwa gari yako siwezi panda tena." Mama Nekesa hakutoka chumbani.

Nilirudi pia kwa mwenye jengo, nikamwuliza kwa nini alimkatalia yule mzee. Alicheka, akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Zamani ningecheka naye. Safari hii nilisimama pale hadi akaona haya, ingawa hakukiri neno.

Wafula na familia yake sasa wanasali kwingine. Kabla ya kusimama hapa nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Alisema, "Sema. Lakini usiseme uliniokoa."

Namshukuru Mungu ambaye hakuniacha nife na sifa zangu nzuri! Nawe mpendwa unayejiona mwema, mwombe Yesu akuonyeshe, na akimtuma mtu kukuambia ukweli jikoni, usikasirike kama mimi. Mtumaini. Akikuvua sifa ulizojivika, hatakuacha uchi. Mimi bado nangoja kuvikwa. Niombeeni, ndugu zangu. Lakini muanze na Mzee Wafula.