Mwalimu Mramba na Baba wa Kila Filamu

Mwalimu Japhet Mramba Nzai, ambaye tumekusanyika kumzika leo, Jumamosi tarehe 18 Novemba 1995, hapa shambani kwake Mwakirunge, alizaliwa Tsangatsini, Kaloleni, tarehe 3 Machi 1938. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nzai Mramba, aliyekuwa mgema, na Mama Sidi Fondo. Kwetu Wagiriama jina la babu humrudia mjukuu, ndiyo maana akapewa jina la Mramba, na ndiyo maana mzee wake alimwita "baba" tangu akiwa mchanga. Marehemu alipenda kutusimulia kwamba mzee huyo hakumchapa hata mara moja bila kumwomba radhi kwanza.

Alianza masomo mwaka 1947 katika shule ya misheni Kaloleni, akabatizwa huko huko, na mwaka 1957 akaingia chuo cha ualimu. Alifundisha shule za msingi kwa miaka kumi na minne. Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano na watoto watatu, alikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea fasihi. Wenzake walimwita "Mzee". Huko maktabani alikutana na kitabu kipya cha mhakiki mmoja wa Marekani, na kitabu hicho hakikumwacha tena. Mhakiki alidai kwamba kila mshairi mkubwa ana baba yake katika ushairi. Humpenda baba huyo na kumwogopa, kisha humsoma visivyo, ili naye apate mahali pa kusimama.

Alirudi Mombasa mwaka 1976, akafundisha fasihi katika shule ya sekondari huko Likoni hadi alipostaafu mwaka 1993. Wanafunzi wake wako hapa leo, na wengine wana mvi nyingi kuliko zake. Darasani aliwafundisha washairi kama mtaala ulivyotaka. Lakini moyoni aliamini kwamba ushahidi mkubwa wa kitabu kile haukuwa katika mashairi. Ulikuwa katika filamu, zile zile ambazo walimu wenzake waliziona upuuzi.

Mwaka 1983 Bwana Bakari Mwinyihaji alifungua chumba cha video Timbwani, huko huko Likoni: mabenchi sita, televisheni moja, na pazia zito la kuzuia jua. Kila Jumamosi alasiri Mwalimu alikaa benchi la mbele na daftari lake. Filamu ya kwanza ilipokwisha, Bwana Bakari alirudisha mkanda mwanzo, na wakati huo ulikuwa wa Mwalimu. Alisimama, akafuta miwani, akaeleza. Shujaa wa kwanza wa kung-fu, alisema, alipigana akiwa amenuna. Alinuna kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kununa kumshinda. Basi aliyemfuata angefanya nini? Aliamua kuchekesha. Alianguka, akajikwaa, akamfanya mwalimu wake wa kung-fu kuwa mlevi, na kwa njia hiyo akawa mtu wake mwenyewe. "Kila filamu mnayoipenda," alisema Mwalimu, "imepigana na babake kabla ya kufika hapa Timbwani."

Si wote walioshawishika. Bi Mwanatabu, aliyeuza viazi karai mlangoni, alimwambia siku moja, "Mwalimu, wewe waona baba kila pahali. Mimi nimeona Muhindi na mkewe walia, na mimi nikalia. Basi." Naye Bwana Bakari alimsihi mara nyingi, "Mwalimu wangu, mkanda ushafika mwanzo, wallahi. Watu wangoja." Hapo Mwalimu aliketi mara moja. Hakuwahi kusimama filamu ikiwa inaendelea. Hilo lilikuwa jambo la heshima kwake, na naomba mlikumbuke.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Kafedha Kombe, tarehe 12 Desemba 1964. Walijaliwa watoto watano. Wa kwanza ni mimi ninayesoma wasifu huu, nikapewa jina la babu, Nzai. Baba naye aliniita "baba". Alitaka niwe mwalimu. Nilinunua kamera ya video, nikapiga harusi kuanzia Shelly Beach hadi Mtongwe. Hilo alilimeza kwa shida, lakini alilimeza.

Mwaka 1992 nilitengeneza filamu yangu ya kwanza, pamoja na marafiki, ya dakika hamsini. Ilikuwa ya kuchekesha. Ndani yake mlikuwa na mwalimu mwenye miwani, aliyesimama mbele ya televisheni katikati ya filamu, wapiganaji wakiwa hewani, akanyoosha mkono na kusema, "Ngojeni kwanza, niwaeleze mnachokiona." Tuliionyesha kwa Bwana Bakari Jumamosi tarehe 11 Aprili. Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika. Baba alikuwa benchi la mbele. Aliinuka, akatoka nje.

Nyumbani aliniambia, "Mimi sijasimama filamu ikienda hata siku moja. Waulize! Na maneno hayo sijayasema." Ilikuwa kweli tupu. Maneno yale niliyatunga mwenyewe. Mama akamwambia, "Si wewe uliyesema mwana lazima amsome babake visivyo? Umetuimbia wimbo huo miaka mingapi?" Baba akajibu, "Nilisema filamu. Sikusema mwanangu."

Kwa miaka mitatu hakuniita "baba" wala kwa jina langu. Salamu zilipitia kwa mama. Naliandika hili katika karatasi hii kwa sababu mlilijua, na kulificha leo kungekuwa uongo. Niliumia sana, na najua naye aliumia.

Mwezi wa Mei 1995 alianza kukohoa na kukonda. Mwezi wa Juni madaktari walikuta uvimbe katika pafu la kushoto. Aliporudishwa nyumbani alimwambia mama, "Mwambie Nzai alete ule mkanda." Niliupeleka. Aliutazama amelala ubavu, bila kucheka. Pale mwalimu aliponyoosha mkono, alisema, "Rudisha." Nilirudisha mara tatu. "Huyu si mimi," alisema. Nikamwambia, "Najua, baba." Akasema, "Rudisha tena, baba."

Mwezi wa Agosti tulimpeleka tena hospitali. Daktari kijana aliiweka picha ya kifua chake kwenye mwanga, akakohoa kidogo, akawa hajui aanzie wapi. Baba alijiinua kitandani, akanyoosha mkono, akasema, "Ngojeni kwanza, niwaeleze mnachokiona." Daktari alicheka, wauguzi wakacheka, nami nikatoka nje nikalia. Tangu siku hiyo aliyasema maneno hayo kwa kila aliyekuja kumtazama: kwa mchungaji, kwa Bwana Bakari, kwa wajukuu waliokuja kuitazama sindano yake. Alifariki nyumbani Timbwani, Jumatano tarehe 8 Novemba, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Kafedha; watoto, Nzai, Sidi, Kombe, Jumwa na Fondo; wakwe wawili, wajukuu saba, na dada yake, Bi Kadzo. Ameacha pia madaftari kumi na moja ambayo hakuna mchapishaji aliyeyataka.

Katika daftari la mwisho nimeisoma sura ambayo hakuwahi kuifikia kwa Bwana Bakari, kwa kuwa mkanda ulimaliza kurudi kabla yake. Mhakiki yule, ameandika, alisema kwamba mwana akifaulu kabisa, watu humsoma baba wakadhani baba ndiye aliyemwiga mwana. Wiki hii nimewasikia wanafunzi wake wa mwaka 1977 matangani wakiapa kwamba maneno yale aliwaambia darasani kila siku. Nimewaambia kwamba niliyatunga mimi, mwaka 1992. Wamenihurumia, wakasema huzuni inanichanganya. Kamati ya mazishi nayo imeyachapa kwenye jalada la ratiba hii, chini ya picha yake, kama kauli aliyoishi nayo. Waliniuliza jana kama nina neno la kusahihisha.

Nimewaambia sina. Maneno ni yake. Pumzika salama, baba, sisi tunangoja.