Kufunga kwa Ole na Kufunga kwa Micheweni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyeacha shughuli zako ukaja kuwa mgeni wetu rasmi, Ndugu Ofisa Elimu, Mwalimu Mkuu wetu, Bi Radhiya, Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Skuli, Sheha wetu, mashehe, wazee wangu wa kike na wa kiume, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokalishwa nyuma ilhali sherehe ni yenu: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Mtu aliyesomesha miaka thelathini na miwili kupewa dakika kumi ni kumwonea, lakini Bi Radhiya namjua, na saa yake naijua, kwa hiyo naanza.

Mimi Talib Mmanga, mzaliwa wa Ole, nastaafu leo. Nimesomesha Sanaa katika skuli hii tangu wakati chumba chetu hakina hata meza, mpaka leo ambapo kuta zake zimejaa kazi za watoto hata rangi ya ukuta haionekani. Hizo picha mlizozipita mkiingia, mkasimama, mkaanza kunong'onezana, ni za kidato cha tatu. Ile nguo yenye minazi ya uzi mnene ni ya Abrahman, ambaye macho yake yanaona kivuli tu. Yeye huchora kwa kushona, kisha huipitia kazi yake kwa vidole, na pale mshono ulipokwenda upande huufumua mwenyewe kabla sijasema kitu. Na yale maelezo ya uchanganyaji wa rangi yaliyochorwa badala ya kuandikwa ni ya Yumna. Herufi kwake hazitulii mahali pamoja, lakini mpeni brashi, halafu mumuulize rangi ya udongo wa Ole hupatikanaje, atakutengenezeeni kumi na moja tofauti. Najivunia watoto hawa, na sitaki kusema hivyo kwa unyenyekevu.

Kuna neno moja limenichosha katika kazi hii, nalo ni "watoto wale." Mwalimu Talib, watoto wale unao wangapi mwaka huu? Nami hujibu: ninao thelathini na mmoja, wote ni wale. Kwani nani katika sisi hapa, Mheshimiwa, alijifunza kila kitu kwa njia ile ile aliyojifunzia jirani yake? Mimi mwenyewe mpaka leo hesabu ya sehemu inanishinda, na Bi Radhiya, aliyekuwa akisomesha Hesabu, ni shahidi.

Lakini msinisifu haraka. Leo nimekuja kukiri kosa, tena mbele ya mwenyewe niliyemkosea.

Miaka kumi iliyopita aliletwa kwetu msichana wa kidato cha kwanza, kiziwi, mtoto wa Micheweni, akakaa kwa mama yake mdogo hapo Tibirinzi ili asome. Jina lake Ruweida. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wiki mbili ya lugha ya alama, nimerudi na cheti na kichwa kikubwa. Ruweida naye alikuwa na alama zake za nyumbani, zile alizozoeana na mama yake tangu utotoni, na mimi nikajiona hizo pia nazielewa.

Kila nilipompitia darasani nikamuuliza kwa mikono kazi inakwendaje, alinijibu kwa kuvuta uzi usioonekana, akauzungusha, akaukaza. Alama ya kufunga. Simaanishi kufunga Ramadhani, kufunga fundo. Sasa mimi ni mtu wa karafuu. Kwetu Ole karafuu huchumwa, ikachambuliwa, ikaanikwa, ikakauka, ikatiwa kwenye gunia, polo tunaliita, na ukimwona mtu anafunga mdomo wa polo basi jua kazi imekwisha, nenda ukaoge. Kwa hiyo mtoto akinifungia fundo, mimi najua amemaliza. Namchukulia karatasi yake. Naisahihisha. Nusu ya karatasi nyeupe, namwandikia alama kumi na tano katika mia.

Nilifanya hivyo muhula mzima. Alikuwa akinitazama kwa macho makubwa, hagombi, hanung'uniki, na mimi nikasema mtoto mpole huyu, ila mvivu. Kwenye ripoti yake nikaandika kwa mkono wangu: "Hamalizi kazi." Ripoti ile ikaenda Micheweni, na Kamati ya wakati ule ikashauri aondolewe, nafasi apewe mwingine.

Mama yake, Bi Kazija, yupo pale safu ya pili, mwenye buibui na miwani. Alikuja kumchukua mwanawe na mfuko wa nguo ameshaufungasha. Nikamkaribisha akae darasani mpaka kipindi kiishe, kwa adabu tu. Ruweida alikuwa ameanza kuchora mkono wa mtu. Nikampitia, nikamuuliza, akanifungia fundo lake, nami nikanyoosha mkono kuchukua karatasi. Bi Kazija akanishika kiganja.

"Mwalimu, mbona wampokonya? Kakwambia ndo kwanza aanza."

Nikamwambia, Bi Kazija, amesema amefunga. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia na viatu msikitini.

"Sie mwani twafunga mbegu kambani, ndo twautia baharini. Tukifunga ndo twaanza. Nyie hufunga lini?"

Nikaurudisha mkono wangu. Mtoto alikuwa akiniambia kila siku, kwa heshima zote, "Mwalimu, ndiyo kwanza ninaanza," na mimi kila siku nikimnyang'anya. Niliona aibu, na aibu ile sijaisahau. Nilimwomba radhi mama, nikamwomba radhi mtoto, kisha nikaenda kwa Bi Radhiya nikaomba nifute niliyoyaandika kwenye ripoti. Akaniambia kufuta hakutoshi, niandike upya na nieleze sababu. Nikaandika kwamba asiyemaliza kazi alikuwa mwalimu.

Mfuko wa nguo ukarudi Tibirinzi. Tangu siku ile kila mwanafunzi anapoingia chumba cha Sanaa, kiziwi au asiye kiziwi, swali langu la kwanza si kama anajua kuchora. Humuuliza kwao wanafanya kazi gani, na wanaifanyaje, na mkono upi hutangulia. Huko ndiko nilikomjulia Abrahman, ambaye bibi yake hushona kofia. Mengine yote mnayonisifia leo yametoka kwenye fundo lile.

Na Ruweida? Alipewa muda wake, akamaliza kila alichokianza. Alifaulu kidato cha nne, akenda Unguja kusomea ualimu, akarudi na stashahada. Muhula uliopita alifanya mazoezi ya kufundisha hapa hapa, katika darasa langu, na watoto thelathini na mmoja walijifunza alama nyingi zaidi kwa wiki tatu kuliko mimi kwa miaka kumi. Yumna amekuwa hodari wa alama hata anawasengenya walimu mbele yao. Yule pale, Mwalimu Ruweida, mwenye mtandio wa kijani. Simama, mwalimu, wakuone.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kamati ya Skuli imekubali ashike nafasi yangu, lakini kwa sharti moja: darasani awepo mtu mzima anayesikia, kwa usalama wa watoto. Sitabishana na sharti hilo leo, ingawa siku nyingine nitabishana nalo. Tatizo ni kwamba nafasi ya mtu huyo haipo, na sharti lisipotimia ifikapo Jumatatu, chumba kitafungwa na Mwalimu Ruweida atasubiri nyumbani. Wajumbe wamehangaika, nawajua, wameulizana huku na huku nani atakubali kukaa humo kila siku bila cheo.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti, mimi nimestaafu ualimu. Masikio sijayastaafisha. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nitakuwa chumba cha Sanaa, benchi la nyuma, msaidizi wa Mwalimu Ruweida. Barua yangu hii hapa, namkabidhi Mwenyekiti mbele yenu ili asiseme haikufika.

Wala msidhani nimejipachika. Jana nilimwendea mwenyewe nikamwomba kazi. Alifikiri sana, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akaniandikia kwenye daftari, na maneno yake nakusomeeni kama yalivyo: "Nimekukubali. Lakini hutakaa bure. Utachora kama wenzako, na kazi zako nitazisahihisha mimi."

Basi niombeeni dua, jamaa zangu, maana mwalimu wangu mkali, na mimi ndiyo kwanza ninaanza. Nakushukuruni kwa masikio yenu na subira yenu, na Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Wassalaamu alaykum.