Lori Linalorudi Mpemba

Ukitoka Mpemba ukafuata foleni ya malori hadi karibu na geti la mpaka pale Tunduma, utaliona benchi la mbao lililoegemea ukuta wa fundi wa kuziba pancha. Hapo Abdulrahim hutua birika lake la kahawa kila asubuhi, na hapo hukutana wanaume watatu ambao hawajawahi kukubaliana jambo lolote: Jairo, dereva mstaafu wa semitrela, aitwaye Breki kwa sababu hakuna hoja asiyoisimamisha, Gwalugano, muuza laini za simu za nchi mbili, aitwaye Chaji, na Othmani, wakala wa mizigo mwenye asili ya Tanga, ambaye wanamwita Bandari ingawa bahari hajaiona siku nyingi. Wa nne ni Timotheo, yeye ni Injinia tu. Tangu mkewe Felista afariki alikuwa haonekani. Wiki hii alirudi, kompyuta mapajani, na kijiwe hakikumuuliza kitu. Othmani alisogea tu, akampa nafasi pembeni.

Kazi iliyomtoa ndani ilikuwa moja. Umoja wa wenye malori ulitaka mfumo wa kulinda zamu ya kila gari kwenye foleni, ili aliyefika kwanza apite kwanza. Malori ni mengi mno, na habari za kila moja huandikwa na makarani kwa simu zao usiku na mchana. Hifadhidata ya kawaida, ile ya majedwali yaliyokaa kwenye mashine moja, ingelemewa. Ilibidi mzigo ugawanywe kwenye mashine kadhaa, nyingine Mpemba, nyingine getini, nyingine Vwawa. Timotheo alianza majaribio, na majaribio yakamwaibisha. Baadhi ya malori yalifika getini, kisha kwenye mfumo yakaonekana yamerudi Mpemba. Jana dereva wa vitunguu alirudishwa nyuma ya foleni kwa kosa hilo, na vitunguu havina subira. Mchana huu wakubwa wa umoja wangekaa kumsikiliza. Asipowaridhisha, foleni ingerudi kwa mwenye sauti kubwa, na yeye angerudi jikoni kwake kuitazama saa ya ukutani, ile ambayo wanawe wanasema imechelewa na yeye hairekebishi.

Jairo alimtaka aeleze ugomvi uko wapi, kwa lugha ya watu. Timotheo akaweka kikombe chini. Alisema hifadhidata zilizobaki mezani ni mbili. Ya kwanza ni Mongo. Humo kila lori lina faili lake, na faili hilo linanakiliwa kwenye mashine kadhaa, lakini mashine moja ndiyo kiongozi. Kila kinachoandikwa kinapitia kwake, na akianguka, waliobaki wanachagua mwingine. Ya pili ni Cassandra, ile anayoijaribu sasa. Huko hakuna kiongozi. Mashine yoyote inapokea, kisha zinapashana habari zenyewe, na zikitofautiana, habari yenye saa ya mwisho ndiyo inayoshika.

— Mimi na Mongo, alisema Jairo. Wewe uliwahi kuona madereva wawili kwenye usukani mmoja?

— Na dereva wako akisinzia? aliuliza Gwalugano.

— Wanachagua mwingine, Injinia si kasema?

— Wakati wanachaguana, Breki, lori liko mteremkoni.

Gwalugano aliendelea kwamba kwao kanisani mwalimu wa kwaya akichelewa, kila mtu anaanza tu kuimba na ibada inakwenda. Jairo akajibu kwamba kwaya hiyo aliisikia Pasaka, na ndiyo sababu hasa anataka kiongozi.

Othmani hakuwa upande wowote. Yeye aliona kosa ni kuweka mashine majumbani. Kila lori libebe hifadhidata yake chini ya kiti, na yakipishana barabarani yapashane habari, kama madereva wanavyowashiana taa kuambiana kuna trafiki mbele. Timotheo alitabasamu kidogo, maana mashine za Cassandra hunong'onezana karibu hivyo hivyo. Tabasamu hilo likawaharibu. Gwalugano akashauri nakala moja ikafichwe kwenye kimondo cha Mbozi, kwa kuwa kitu kile kilitoka mbinguni na mpaka leo hakuna mwizi aliyeweza kukibeba. Jairo akasema heri Ibaba, kule ukungu ukishuka hata mwenye nyumba haioni nyumba yake. Othmani akauliza kwa nini isigawanywe kwa mbuzi, maana mbuzi wa mpakani wanavuka kwenda na kurudi bila pasipoti, na mtandao haujawahi kuwakatikia.

— Na mbuzi akichinjwa? aliuliza Abdulrahim, akimimina.

— Si ndiyo maana ya kuweka nakala, shekhe.

Walicheka. Timotheo hakucheka nao. Aliifunga kompyuta.

— Nadhani nitawaambia Mongo, alisema. Hii nyingine inanirudishia malori.

Othmani alimtazama.

— Lakini mtandao kati ya Mpemba na geti unakatika kila siku, Injinia. Ukikatika na kiongozi yuko Mpemba?

— Mashine ya geti haitaandika. Itasubiri.

— Kama foleni inavyosubiri sasa.

— Kama sasa.

Wote walijua kwamba Injinia amechagua asichokitaka, na kwamba wakubwa wa umoja wataona hivyo hivyo. Ndipo akafika mwanamke mmoja kwa haraka, kitenge kipya, begi begani, viatu vyekundu kwa vumbi. Alisema anaitwa Eva, ametoka Ikinga tangu alfajiri, na simu yake imezima.

— Samahani, baba zangu. Saa ngapi sasa?

— Saa nne na robo, alisema Jairo, akiitazama simu yake.

— Tatu na robo, alisema Othmani, akiitazama yake.

Gwalugano alitoa simu zake mbili, moja kila mkono. Ya kulia ilikubaliana na Jairo, ya kushoto na Othmani. Akazishusha polepole. Hapo mpakani simu hushika mnara wowote wenye nguvu, wa Tanzania au wa Zambia, na Zambia iko nyuma kwa saa moja. Wote walilijua hilo tangu waanze kumiliki simu, na kwa kuwa walilijua, walikuwa wameacha kuliona. Jairo alidai saa ya kweli ni ya nchi uliyosimama. Othmani akamuuliza kama simu nayo imesimama. Abdulrahim, asiye na saa yoyote, alisema kwa hesabu ya birika lake muda umeisha.

— Mmoja tu aniambie, bamayo, mama yangu wee, ninawasihi, alisema Eva.

Timotheo alikuwa ameifungua tena kompyuta. Alilitafuta lori la vitunguu. Karani wa Mpemba aliandika limepita saa tatu na nusu. Karani wa geti, aliyeliona baadaye, aliandika limefika saa tatu kamili. Aliisoma mistari hiyo miwili kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe.

— Si databesi, alisema. Simu ya geti inashika mnara wa ng'ambo. Lori linafika geti, linaandikwa kwa saa ya Zambia, na mfumo unadhani hiyo ni habari ya zamani. Hata ningehamia Mongo, tatizo lingehama nami.

— Kwa hiyo Cassandra hana kosa? aliuliza Gwalugano.

— Hana. Na geti halitasubiri mtu. Nitafanya kila simu iandike kwa saa moja ya wote, ionyeshe inachotaka kwenye kioo.

Kisha akamgeukia Eva, akamuuliza anakwenda wapi.

— Nakonde, ng'ambo, upande wa Zambia. Wanakuja kumposa mtoto wa kaka yangu, na shangazi ndiye mimi. Walisema saa nne, na hawa wananiambia imepita.

— Saa nne waliyosema ni ya kwao?

— Ya kwao.

— Basi kwao ni tatu na robo, dada. Umewahi.

Eva alishusha begi, akakaa kwenye benchi. Abdulrahim aliinamisha birika hadi mwisho, likatoa kikombe kimoja kisichojaa, akampa yeye.

Felista alizaliwa Nakonde. Saa ya jikoni aliitundika yeye, kwa saa ya mama yake, ya Zambia, na kila Timotheo alipomuuliza wakati kutoka chumbani, alijibiwa kwanza kwa swali: ya kwetu au ya kwao? Betri ilipokufa mwezi uliopita aliweka nyingine, akairudisha mishale pale pale alipoiacha mkewe.

Timotheo alimpigia karani wa geti.

— Kaka, saa yako inasema ngapi?

Upande wa pili palikuwa na honi, na mtu akimfokea mtu. Kisha karani akauliza:

— Ya kwetu au ya kwao, Injinia?

Jairo, Gwalugano na Othmani walimwona akicheka, macho yamemlowa, simu bado sikioni, na hawakuelewa kilichomchekesha.