Adeer Hared na Ile Galoni ya Spiriti

Assalaam aleykum nyote mtakaosomewa karatasi hii. Kwanza salamu. Nawasalimu nyumbani kwa Adeer Hared, ami yetu sote kwa heshima: mama wa nyumba Arbia, salamu nyingi, na mgongo unaendeleaje, binti yenu Bishara na mumewe, mapacha wa Bishara, yule mnene na yule mwembamba, na bibi Maka ambaye hasikii vizuri, mpigieni kelele sikioni kwamba Hawo anamsalimu. Kwangu pia hatujambo. Mama yangu hajambo, anakohoa tu. Binti yangu Lul hajambo, mtoto wake ameota jino. Hata yule mbuzi aliyekula bandeji za serikali hajambo. Alhamdulillahi.

Baada ya salamu, neno lenyewe. Bwana Hared Yarrow, dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu hapa Garissa, ametumikia wagonjwa miaka thelathini na mmoja, na Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 1967, anastaafu. Baada ya sala tutakunywa naye chai. Jumamosi asubuhi ataondoka na msafara wa malori kwenda kwao Bura.

Karani wetu, Bwana Olow, alisema kila mfanyakazi alete maneno machache ya kumuaga. Mimi ni mfagiaji. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo herufi zangu zikichechemea zisameheni, zitafika. Ila maneno yangu si machache. Jumanne nilikuwa nafagia chini ya meza ya karani, nikaona cheti cha Adeer kwenye mashine ya chapa. Kimeandikwa: utumishi mwema, isipokuwa kupoteza galoni moja ya spiriti, Januari 1965, wakati wa hali ya hatari. Ufagio uliniponyoka. Mstari ule ni wa uongo, na anayeujua ukweli ni mimi. Nitafika huko.

Adeer Hared alianza kazi mwaka 1936, kijana wa kubeba sanduku la dawa juu ya ngamia. Alikaa Diff, akakaa Ijara, kisha akaletwa hapa. Hana shule nyingi kunishinda sana, lakini mkono wake unaona. Anaminya tumbo la mtu na kusema ni nini, na daktari akija mwezi ujao anasema hivyo hivyo.

Kila asubuhi anawasha lile jiko dogo la spiriti, ule moto wa buluu usio na moshi, anachemsha sindano. Watoto hulia wakiuona. Huwaambia, "Lieni mapema, mkifika kwangu mtakuwa mmechoka." Na kweli wanakuwa wamechoka.

Wanawake wenye saar, wale wanaopandwa na pepo wakatetemeka, wengine huwacheka. Yeye hajawahi kumcheka hata mmoja. Aliletwa mama mmoja, shangazi zake na chetezo cha ubani nyuma, wakisema pepo anataka marashi na kondoo mwekundu. Adeer akasema, "Pepo namheshimu, lakini na yeye apange foleni. Homa imekuja kwanza." Akampima, akampa kwinini, halafu akawaacha shangazi wamalizie ubani wao nje, karibu na tangi la maji. Mama yule alipona, na mpaka leo shangazi wanadai ni kondoo.

Na miaka hii ya vita, Mungu atuondolee, benchi letu limekaliwa na kila mtu. Askari wa bara mwenye risasi mguuni, na pembeni yake mchungaji wa ngamia aliyekanyaga bomu la barabarani. Askari mmoja alimuuliza Adeer kwa ukali kwa nini anamtibu huyu kabla ya yule. Akajibu, "Roho haibebi kipande cha utambulisho, bwana. Nani anavuja damu zaidi, ndiye wa kwanza." Na mgonjwa akitushinda, Adeer hasemi amekufa. Anasema roho imeitwa kwa mwenyewe, anamfunga kidevu kwa kitambaa safi, awe askari au mchungaji. Sijamwona akichagua kitambaa.

Sasa ile galoni. Ilikuwa Ramadhani ya Januari 1965, nina miezi miwili tu kazini, mjane, namshukuru Mungu kwa ufagio. Chupa kubwa ya spiriti, ndiyo hiyo galoni, ilikaa kwenye kile chumba ninachoswalia adhuhuri. Askari mmoja akanusa, akanitania: "Mama, hii ni pombe kuliko pombe. Unaswali na mlevi chumba kimoja?" Alicheka akaenda zake. Mimi sikucheka. Sisi tumelelewa hivyo, tone likikugusa, nguo unafua na swala unarudia. Nikafikiri saumu za wagonjwa wote hawa wanaopakwa. Nikabeba chupa kwa kitambaa nisiiguse, nikaimwaga yote mchangani nyuma ya choo. Wallahi nilijiona nimefanya ibada.

Siku ya tatu Lul wangu aliletwa mgongoni mwa jirani. Alikuwa anapasua kuni, shoka likamkata mguu, na nyumbani wakamfunga kwa majani. Kidonda kilikuwa kinanuka. Adeer akaenda kuchukua spiriti, akarudi na chupa tupu. Akanitazama. Nikajua nimemwagia mchanga dawa ya mwanangu. Malori ya dawa hayakuwa yanakuja, barabara ilikuwa na mabomu.

Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu. Hakunipigia kelele. Alisema, "Inuka, hooyo, mama. Leta kuni, leta chumvi, leta sufuria kubwa." Siku tisa alichemsha maji ya chumvi, akaosha mguu ule asubuhi, adhuhuri na alasiri, na yeye amefunga, midomo imekauka. Siku ya kumi Lul aliomba uji. Leo anatembea na mtoto mgongoni.

Lakini kabla ya siku tisa kwisha walikuja wakubwa kuhesabu dawa. Wakati ule dawa ikipotea, swali ni moja tu: umewapelekea wapiganaji wa msituni? Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo, nikaendelea kudeki. Adeer akasema, "Chupa ilikuwa chini ya mkono wangu. Imemwagika. Andikeni mimi." Wakaenda naye kumhoji. Siku mbili hakurudi, lakini kabla hajachukuliwa alikuwa amemfundisha Arbia jinsi ya kuchemsha yale maji, Arbia akaja akaosha mguu wa Lul. Aliporudi nilitaka kwenda kusema. Akanikataza: "Wewe una mgonjwa, mimi nina mgongo mpana. Nyamaza." Kisha akanipeleka kwa Maalim wa msikitini, naye Maalim akanieleza taratibu kwamba dawa ni dawa, nioshe mkono niswali. Tangu siku hiyo Adeer humweleza hivyo kila mchungaji kabla ya kumpaka, na hakuna anayekimbia.

Nikanyamaza miaka miwili. Ni woga wa mama mwenye watoto, sina jina jingine la kuuita. Lakini sikujua mstari ule uliandikwa, na sasa unamfuata Bura, wajukuu wake wausome. Hapana. Mgongo mpana nao unazeeka.

Adeer Hared, asante kwa mguu wa Lul, na kwa siku zile mbili. Mungu akupe maziwa asubuhi, mvua kwa wakati wake, na watu wa kukuosha miguu wewe kama ulivyoosha ya wengine. Wewe Arbia, asante, na mgongo upone.

Bwana Daktari Mkuu, wewe unayetia sahihi vyeti, karatasi hii ikufikie wewe kwanza kabla ya kusomwa. Naomba mstari ule utoke. Ikiwa daftari la karani haliwezi kukubali spiriti ipotee bila mwenye kosa, basi mstari uandikwe mahali pengine kwa jina langu, Hawo Sugow, mfagiaji, na adhabu yake nitaipokea. Malori yanaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Nijibu upesi, hata kwa neno moja kwa mdomo wa Bwana Olow. Nitakuwa mlangoni na ufagio wangu, nasubiri.